Shindano la balozi wa maonesho ya kilimo: namna ya kuliandaa katani kwako

Nane Nane ikikaribia, maswali huwa yaleyale. Huyu balozi ni miss? Lazima awe mrefu? Aliyeolewa anaruhusiwa? Majaji watoke wapi? Zawadi iwe nini? Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliye kwenye kamati ya maonesho ya kijiji, kata au chama cha ushirika mkoani Tanga. Unachotafuta ni binti wa kusimama mbele ya banda, mgeni akishika pingili ya muhogo na kuuliza "hii mbegu gani, na inachukua miezi mingapi?", ajibiwe palepale bila bwana shamba kuitwa.

Wazo hili lina wenyewe. Katika jimbo la New South Wales, Australia, shindano la namna hii lipo tangu 1962: kila maonesho ya mji mdogo huchagua binti wake, washindi hukutana ngazi ya kanda, na fainali hufanyika Sydney Royal Easter Show. Kwa miaka mingi waliliita Showgirl, kisha wakabadilisha likawa Young Woman, maana jina la kwanza liliwafanya watu wadhani ni urembo. Chukua kwao mambo mawili: ngazi za kupanda, na uzito wa usaili kuliko jukwaa. Mengine tupike kwa nazi yetu.

Kwetu ngazi ya juu ipo tayari. Mikoa ya Tanga, Morogoro, Pwani na Dar es Salaam huonesha pamoja Kanda ya Mashariki, kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere mjini Morogoro, kilele kikiwa tarehe 8 Agosti. Ukimpata balozi wako mapema, kuna mahali pa kumpeleka.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJATANGAZA CHOCHOTE

- Kamati ya watu 7, wanawake wasiopungua 4. Mmoja wao awe mratibu wa washiriki: mama wa makamo ambaye akibisha hodi nyumbani kwa watu anakaribishwa.
- Majaji 3 na mmoja wa akiba.
- Karani wa alama ambaye si jaji, na kikokotoo.
- Chumba chenye madirisha makubwa. Darasa linatosha, ofisi ya chama cha siasa haifai.
- Meza moja kwa kila mshiriki, za ukubwa mmoja. Dawati la shule lililotandikwa kitambaa linafaa.
- Kaunta buku moja ya kumbukumbu zote, na fomu za alama zilizochapwa.
- Spika mbili na maikrofoni mbili, moja iwe ya waya. Ile isiyo na waya ndiyo huzimika mgeni rasmi akiwepo.
- Turubai la kivuli, maji ya kunywa, choo chenye mlango unaofunga.
- Fedha. Andika kwanza zile ambazo kamati nyingi husahau: nauli za washiriki, chakula chao cha mchana, mafuta ya bodaboda ya kuzungukia mashamba, na nauli za balozi za mwaka mzima. Hiyo ya mwisho itengwe kabla hata ya kununua utepe. Balozi asiye na nauli hana anachokiwakilisha zaidi ya utepe wake.

HATUA

1. Chagua tarehe (siku 90 kabla)

Lenga wiki ya mwisho ya Juni au ya kwanza ya Julai. Masika yamekatika, barabara zinapitika, machungwa ya Muheza yako kwenye msimu, na mshindi anabaki na wiki tatu au zaidi za kujiandaa na Morogoro.

Sasa kagua vikwazo vya tarehe yenyewe. Usaili usiwekwe Ijumaa mchana. Fainali ya Jumapili ianze saa nane mchana, watu wametoka kanisani na wamekula. Siku ya gulio iache. Kama una vijiji vya pwani, Mkinga, Pangani au kandokando ya Jiji, tazama mwezi: kwenye bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na mkulima wa mwani saa hiyo yuko baharini hadi magotini anafunga kamba. Ukiweka usaili siku hiyo umewafukuza wakulima wa mwani wote bila kujua, kisha utasema "mabinti wa pwani hawajitokezi".

2. Barua (siku 60 kabla)

Barua moja kwa Mtendaji wa Kata. Nakala kwa ofisa kilimo, ofisa maendeleo ya jamii na kituo cha polisi. Kama kutakuwa na muziki na burudani, mwone pia ofisa utamaduni wa halmashauri. Eleza kwenye barua kwamba hili si shindano la urembo, na ambatisha ukurasa wa masharti. Barua isiyo na masharti huzunguka mezani wiki nzima kwa sababu anayeisoma anawaza majukwaa ya usiku.

3. Masharti yasizidi ukurasa mmoja

- Umri: miaka 18 hadi 25 siku ya fainali. Chini ya 18 usimpokee, hata kama baba yake ni diwani.
- Awe anaishi katani na anashiriki kilimo, ufugaji, uvuvi, mwani au usindikaji. Anayekausha mdalasini na kuupaki anahesabika sawa na anayelima.
- Kuolewa au kuwa na mtoto si kizuizi. Hapa kamati nyingi huteleza: zikiwaondoa waliozaa zinabaki na watoto wa shule, na wanaolima kweli wanatazama kwa mbali.
- Kiwango cha elimu hakiulizwi.
- Hakuna ada, hakuna tiketi ya kununua, hakuna "kura za simu".
- Lugha ni Kiswahili. Majina ya mimea, wadudu na magonjwa anaweza kuyataja kwa Kibondei, Kisambaa, Kizigua au Kidigo, na jaji asiyeelewa aulize.
- Picha hazipigwi wala kusambazwa bila mshiriki kusaini kwamba amekubali.

4. Sajili washiriki 6 hadi 10

Mbao za matangazo za vijiji hazitoshi. Mratibu apite VICOBA, vikundi vya mwani, vituo vya kukusanyia maziwa na kwaya. Mabinti wengi hawajiandikishi wenyewe, husemewa na shangazi au mama mlezi, na hiyo ni sawa mradi binti mwenyewe aitike.

Hata kama ana miaka 22, nenda ukapige hodi kwao. Salamu kwanza, maji ya kunywa, kisha shughuli. "Shikamoo mzee. Tumekuja kumwombea Mwanaidi nafasi ya kuusemea ukulima wa kata." Baba akisikia "kuusemea ukulima" hujibu tofauti na akisikia "shindano la mabinti".

Ukomo wa 10 una hesabu yake. Kila mshiriki anakaa dakika 15 kwenye usaili, na majaji wanahitaji dakika 5 za kujaza fomu. Watu 8 ni dakika 160, karibu saa tatu na mapumziko. Wakizidi 10, jaji aliyechoka huwapa wa mwisho alama za katikati ili amalize.

ANGALIA: namba za simu za washiriki zikae kwa mratibu peke yake. Zisibandikwe, zisitumwe kwenye kundi la kamati, asipewe mfadhili. Mtu wa kamati au jaji akimtaka binti kimapenzi kwa ahadi ya ushindi, hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitambua kuwa kosa. Lisemwe wazi kwenye kikao cha kwanza, kila mtu akiwepo, na liandikwe kwenye kaunta buku.

5. Siku moja ya maandalizi (wiki 3 kabla)

Siku hii si ya kufundisha kutembea. Ipange hivi: asubuhi, masharti na fomu ya alama wasomewe yote, kila mmoja abaki na nakala, kisha bwana shamba awakumbushe vipimo, baada ya chakula, kila mmoja azungumze dakika 2 mbele ya wenzake, mara mbili. Mara ya kwanza atatazama chini. Mara ya pili mpe kitu cha kushika, jembe, chungwa, kamba ya mwani, utaona mabega yanashuka na maneno yanatoka.

Kipimo kimoja kisipite bila mjadala: ekari. Mashambani tunapima hatua 70 kwa 70, na kwa hatua ndefu ya mtu mzima hukaribia ekari. Lakini mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ni takriban 4,047. Binti akichanganya hatua na mita, hesabu zake zote za mbegu na mbolea zitazidi kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Jaji akichanganya ni balaa zaidi, atamkosoa aliyepatia.

6. Ziara ya shamba (wiki 1 kabla)

Watu wawili wa kamati, mmoja mwanamke, wafike kwa kila mshiriki kwa dakika 20. Wasitoe alama. Kazi yao ni kuthibitisha kwamba shamba, zizi au kamba za mwani zipo na anazijua. Aeleze lini alipanda, amepalilia mara ngapi, palipoharibika ni wapi. Muulize hilo la mwisho daima. Mwenye shamba anajua palipoharibika. Aliyeazima shamba la jirani atakuonesha pazuri tu.

Andika mistari mitatu kwenye kaunta buku. Itakusaidia siku ambayo mtu atasema "yule si mkulima".

7. Majaji na fomu

Mmoja awe mtaalamu wa kilimo au mifugo, atoke kata nyingine. Wa pili awe mwanamke anayelima au kuuza mazao kwa riziki yake. Wa tatu awe mtu wa kuzoea kuhoji: mwalimu, mtangazaji wa redio. Kila mmoja asaini kwamba hana undugu wala biashara na mshiriki. Kwenye vijiji vyetu undugu hauishi, kwa hiyo weka mpaka: mtoto, ndugu wa tumbo moja, binamu, mkwe, mpangaji.

Alama ni 100:

Usaili wa faragha: 40
Meza ya zao lake: 25
Hotuba na swali la jukwaani: 15
Mpango wake wa mwaka: 15
Unadhifu: 5

Unadhifu ni usafi, nguo iliyopigwa pasi na kuwahi. Sura, rangi, umbo na urefu havina mstari kwenye fomu, na jaji akiviongeza pembeni fomu hiyo inakataliwa. Mtu wa kamati atataka unadhifu upandishwe hadi 20 "ili watu wafurahi". Kataa. Ukitoa 20 kwa nguo, mshindi ameshapatikana kwa fundi cherehani.

8. Usaili, ndiyo shughuli yenyewe

Ufanyike siku moja au mbili kabla ya fainali, saa tatu asubuhi, mlango wazi, mratibu akiwa ameketi mahali anapoonekana. Washiriki waokote vikaratasi kujua nani aanze. Baada ya wanne, majaji wapumzike dakika 15.

Dakika 3 za kwanza ni za kumtuliza: ametokaje nyumbani, kwao wanalima nini. Dakika 9 za maswali manne. Dakika 3 za mwisho yeye ndiye awaulize majaji. Hizo tatu usizifute hata muda ukibana. Anayeuliza vizuri ndiye atakayekaa bandani na kuzungumza na mgeni badala ya kumsomea bango.

Maswali yaandaliwe na majaji usiku wa kuamkia, kila swali na majibu yake. Swali baya ni la kukariri. "Mkonge uliletwa lini na nani?" 1893, Hindorf, Pangani, basi limekwisha, aliyesikia darasani ameshinda. Geuza: "Mkonge haukatwi mpaka karibu mwaka wa tatu. Una ekari mbili. Utakula nini?" Hapo utasikia kama anajua kwamba mkonge wa mistari miwili miwili huacha njia pana katikati, na miaka ya mwanzo njia hizo hupandwa kunde, maharage au mahindi.

Mifano mingine, na unachotafuta:

Machungwa. "Dalali anataka kununua shamba lote, matunda yakiwa bado mtini. Utajuaje bei?" Jibu zuri lina hatua: nahesabu matunda ya miti 10 ya ukubwa tofauti, natafuta wastani, nazidisha kwa idadi ya miti, natoa yatakayodondoka na kuoza, nauliza nani anachuma na nani anasafirisha, ndipo nataja bei. Jibu dhaifu ni "namwachia baba". Lakini usimpe sifuri. Muulize baba huhesabu vipi. Wengine wanajua yote ila hawajawahi kuulizwa.

Muhogo. "Majani yana mabaka ya njano na yamejikunja. Mbegu ya msimu ujao utaitoa wapi?" Huo ni ugonjwa wa batobato, unaenezwa na nzi weupe na pingili zilizoambukizwa. Asikate pingili humo. Mwenye kujua zaidi atakutajia michirizi ya kahawia, ule unaoweza kuacha majani yakapendeza huku mizizi ikioza ndani, ndiyo maana mbegu hainunuliwi kwa kutazama majani.

Mwani. "Cottonii ina bei kuliko spinosum. Mbona wengi mnafunga spinosum?" Kwa sababu cottonii hufa maji ya kina kifupi yakipata joto, na maji ya kina kirefu yanataka chombo na kujua kuogelea. Kama atataja pia kwamba mwani ukikaushwa juu ya mchanga unashushwa daraja na dawa yake ni chanja, ongeza alama.

Minazi. "Mdudu chonga amekula moyo wa mnazi mchanga. Unafanyaje?" Kumtoa kwa waya wenye ndoana ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni magogo yanayooza na marundo ya samadi, huko ndiko anakozaliana.

Hesabu moja, rahisi. "Mahindi kwa sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, ekari moja ina mimea mingapi?" Takriban 18,000. Mpe karatasi na kalamu. Akikosea tarakimu lakini njia ni sahihi, mpe alama nyingi.

Fedha. "Kikundi chenu kinataka mkopo wa halmashauri." Unatafuta kama anafahamu asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, na kwamba haina riba lakini inarudishwa.

ANGALIA: maswali ya ndoa, mchumba, dini na chama cha siasa hayaulizwi. Jaji akiuliza, mratibu ana haki ya kukatiza.

Kila jaji ajaze peke yake, kwa wino. Tofauti ikizidi alama 8 kwenye usaili, kwa mfano 34, 33 na 21, kila mmoja aseme sababu kabla fomu hazijachukuliwa. Aliyetoa 21 anaweza kubadili au kubaki nayo. Akibadili, akate kwa mstari mmoja na kusaini pembeni. Bila kufutafuta.

9. Meza

Asubuhi ya fainali, kila mshiriki anapewa meza na dakika 40 za kuipanga. Vitu vitatu ni lazima: zao au bidhaa yake, chombo anachokitumia, na daftari lake la shamba. Maua na baluni visiwe na alama.

Daftari ndilo jaji mjanja huanza nalo. Si lazima liwe zuri. Tarehe, nilichofanya, nilichotumia, nilichopata. Kurasa zenye vumbi na wino wa rangi tatu huaminika kuliko daftari jipya lililojazwa jana kwa mwandiko mmoja.

Jaji apite kama mgeni asiyejua kitu: ashike, anuse, aulize bei. Dakika 6 kila meza. Onyo kwa washiriki: wasinunue mazao mazuri sokoni. Chungwa lenye makovu ulilolilima lina maelezo; la kununua halina, na ziara ya shamba imeshaandikwa.

10. Jukwaa

Mavazi yafanane. Kitenge cha aina moja kilichonunuliwa na kamati, kila mtu ashone kwa heshima apendavyo, ushungi ukiruhusiwa bila swali, na viatu vya chini kwa sababu uwanja ni majani. Hakuna kupita mara ya pili wala ya tatu na nguo nyingine.

Kila mmoja ana dakika 2: "Kitu kimoja ninachotaka mgeni ajue kuhusu kilimo cha kata yetu", kisha swali moja kutoka kwenye kikapu, na mpango wake wa mwaka kwa sentensi tatu. Kengele moja sekunde 15 kabla ya muda kwisha.

Mshereheshaji ndiye hatari kubwa ya siku. Mpe kadi: jina, kijiji, zao, basi. Maneno kama "huyu mtoto kaumbika" au "nani anatoa mahari hapa" yakimtoka mara moja anaonywa, mara ya pili maikrofoni anapewa mwingine. Mwambie hivyo mapema, kabla hajalipwa.

11. Kujumlisha na kutangaza

Karani anajumlisha alama za kila jaji, kisha jumla tatu, anagawanya kwa 3. Mtu wa pili arudie hesabu kwa mkono. Alama za washiriki wawili zikilingana, mwenye alama kubwa za usaili ameshinda. Hilo liwe kwenye masharti tangu mwanzo. Tangaza wa tatu, wa pili na balozi. Waliobaki wasitajwe nafasi zao hadharani, ila kila mmoja apewe alama zake kwenye bahasha.

Utepe wa begani: satini, upana sentimita 10, urefu mita 1.8, maneno yashonwe si kubandikwa, kwa kuwa gundi hubanduka kwa jasho. Jina la kata liwe kubwa kuliko la mfadhili.

Zawadi iwe ya kazi. Bomba la kupulizia la lita 16, au miche 50 ya michungwa iliyobebeshwa. Kwa nafasi ya mita 6 kwa 6 inajaza karibu nusu ekari. Uliza kwanza kama ana ardhi ya kupanda. Mpe miche binti asiye na shamba, utaikuta imekauka ukutani kwa mjomba.

12. Mwaka wa balozi

Andikeni pamoja kazi nne, zisizidi: bandani Morogoro, ziara ya shule mbili, siku ya wakulima katani, na kumwandaa balozi ajaye. Kwa kila kazi andika tarehe, nauli, chakula, na nani anamsindikiza. Morogoro asiende peke yake, na mahali pa kulala pajulikane kabla basi halijaondoka.

Na bandani asigeuzwe mhudumu wa meza kuu. Si yeye wa kugawa soda, kumvisha mgeni shada au kukaa karibu na bwana mkubwa kwa ajili ya picha. Kazi yake ni upande wa mbele wa banda, palipo na wakulima wanaouliza.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Wamejiandikisha watatu tu. Ongeza siku 10 na mratibu arudi kwenye vikundi. Wakibaki watatu, fanya na hao watatu. Usijaze nafasi kwa ndugu wa kamati.

Baba amekubali, mume amekataa. Mwalike mume kwenye siku ya maandalizi aone kinachofanyika. Akikataa bado, usimshinikize binti. Atakayebaki naye nyumbani si wewe.

Mshiriki ameganda jukwaani. Mshereheshaji asicheke. Mratibu ampelekee kile kitu chake cha meza, na saa ianze upya mara moja tu. Haki hiyo iwe ya wote.

Jaji hajafika. Ingiza wa akiba. Akifika katikati, hakai; fomu zenye majaji wawili kwa baadhi na watatu kwa wengine hazijumlishiki.

Mvua. Usaili umeshafanyika, kwa hiyo alama 40 ziko salama. Hamishia meza kwenye madarasa na hotuba ifanyike bila spika.

Mfadhili anataka "wake" ashinde. Rudisha fedha zake mbele ya mashahidi wawili. Ndiyo sababu ufadhili wa mtu mmoja usizidi theluthi ya bajeti.

Malalamiko kwamba mtu kaonewa. Yapokelewe kwa maandishi ndani ya siku 3. Toa fomu za mlalamikaji mwenyewe, si za wenzake, na ukurasa wake wa ziara ya shamba. Hesabu ikiwa na kosa, sahihisha hadharani hata kama utepe umeshavalishwa.

Balozi ameolewa, amepata mimba au amehamia mjini. Mimba na ndoa hazimvui utepe. Punguza safari, ongeza kazi za karibu. Akihama, mshindi wa pili anamalizia kazi zilizobaki na bajeti ya nauli inamfuata yeye.

Utepe umechafuka Morogoro siku ya pili. Satini isichemshwe. Maji baridi, sabuni ya kipande, anika kivulini, na safari ijayo shonesha tepe mbili.